Furushi la Mwepesi

Kazini walimwita Mwepesi, na jina likamkaa. Alisafiri na kimfuko cha mkononi tu, na kila alipoaga kwa mama yake alipakua nusu ya alivyofungiwa.

"Akiba haiozi, mwanangu," mama alimwambia.

"Haiozi, Mama, ila inavunja bega." Wakacheka wote wawili.

Aliandika programu za huduma ya kuita gari la wagonjwa kwa simu. Programu zilikuwa mbili. Ya mlangoni iliisalimu simu na kuanza kupatana nayo ufunguo wa siri, ili maongezi yasidukuliwe. Kabla hazijamaliza, iliikabidhi simu kwa programu ya ndani, pamoja na furushi la yote yaliyokwisha semwa. Furushi hilo lilivimba mno. Programu moja ikibadilishwa, nyingine inashindwa kulifungua. Mwepesi akalipunguza bila huruma. Kinachoweza kukokotolewa upya huko ndani, kibebwe cha nini? Aliwaza vizuri, tusimwonee. Akajaribu kwa simu zote za ofisini, mpya tupu, zikaitika. Wakampigia makofi.

Kumbe alikuwa ametupa kitu kimoja kisichokokotoleka: alama kwamba simu imeshaambiwa ianze upya kwa ufunguo wa aina nyingine. Simu mpya haziambiwi hivyo. Za zamani huambiwa, kwa kuwa ufunguo zinaoanza nao haukubaliki, na bila ile alama programu ya ndani huziambia tena. Zikiambiwa mara ya pili, hukata.

Simu ya mama yake ilikuwa ya zamani. Mwepesi mwenyewe ndiye aliyemwachia aliponunua mpya.

"Mama alibanwa kifua, yangu haina chaji, nikapiga kwa yake," dada yake alimsimulia msibani. "Inaunga, inakata. Inaunga, inakata. Mpaka akanyamaza. Hivi nyie kule kazini mlikuwa mnafanya nini, kaka?"

Mwepesi alishajua. Aliomba ile simu tu.

Aliporudi kazini akairudisha alama mahali pake. Furushi halikuongezeka kitu cha maana. Kisha akapiga kwa simu ya mama. Iliunga mara moja.

"Huduma ya dharura," sauti ikaitikia. "Mgonjwa yuko wapi?"

Mwepesi akabaki na simu sikioni.

"Haloo? Mgonjwa yuko wapi?"