Kadi ya Mchele Niliyoichoma Nikiimba

Nilikula wali kwenye matanga ya mama mkwe wangu, na mchele ule mimi mwenyewe nilikuwa nimeuita chakula cha Shetani. Majirani wa mtaani kwetu Antanimasaja waliuleta kikombe kikombe, kila mtu kutoka mgao wake, maana kwangu hapakuwa na punje. Nikala. Nilikuwa na njaa.

Kosa ni langu, silikatai. Ila sikulifanya peke yangu, na wenzangu nitawataja.

Miaka ile ya mwisho wa sabini mchele ulikuwa adimu mjini kwetu Mahajanga. Bila kadi ya mtaa hupati kitu. Ndipo akatushukia kutoka kisiwa cha Nosy Be mtukufu Pasta Zefaniasi, na mkewe Lusi, na shuka iliyochorwa mnyama wa vichwa saba. Akatangaza kwamba siku za mwisho zimefika: kadi zile zenye namba ndizo alama ya mnyama.

Na hesabu alizijua! Alijumlisha namba, akatoa, akazidisha, na kila kadi ikaleta mia sita sitini na sita. Mimi wa darasa la pili ningebisha nini? Ya kwake tu hakuipigia hesabu.

Nikaichoma yetu uani, huku naimba. Mama mkwe, Mngazija wa swala tano ambaye hakunisema hata nilipobatizwa, alinitazama na kijungu chake mkononi. Kila jioni alichemshia maji kwenye ukoko wa wali, ndicho kinywaji chake.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyo mnyama wenu akishakula karatasi, atashiba?"

Nikamjibu kwamba Yesu atafika kabla ya mvua.

Mvua ilifika. Mume wangu alikuwa safarini melini, sisi tukala muhogo mpaka ukaisha. Mama akawa anasema ameshakula kwa jirani, fungu lake anampa binti yangu. Nilimwamini, maana ilinifaa kumwamini.

Kwenye ofisi ya mtaa wakaniambia kadi nyingine ningoje mwakani. Nikaenda mtaa wa Mangarivotra kumwomba shoga yangu mchele. Kwenye foleni ya mgao namwona nani? Lusi, na kikapu chake, na kadi yake.

"Dada, hii ni ya watoto tu," akaniambia.

Hawakuwa na watoto.

Wiki ile mama akafa. Kijungu chake kilikuwa kikavu.

Pasta alikuja matangani. Akala sahani mbili, akasema siku za mwisho ni ngumu. Kweli, alikuwa anatokwa jasho.

Sasa nasikia yuko kwao Nosy Be, kazeeka na kunenepa, anawahubiria vijana kwamba mnyama kahamia kwenye simu za mkononi. Nao wanaziponda kwa mawe. Jamani, mwambieni aanze na yake, mbele ya macho yenu!

Maana anayo, na namba yake nimepewa. Zefaniasi, nitakapokupigia, pokea. Kadi yako uliichomea wapi, na nani aliiona ikiungua? Mama hayupo wa kukuuliza. Nakuuliza mimi. Jibu.