Kikohozi cha Phoebe

Sebule ile ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huko Uarabuni, mwenye nyumba aliikata kwa mbao nyembamba ikawa vyumba vitatu. Dirisha likabaki kwa majirani. Upande wa kina Rael walilala wanawake wanane, vitanda vinne vya kupandana, na AC moja iliyozungusha pumzi zao wote.

Rael, mama wa watoto wawili kutoka Kapsabet, alisafisha vyumba vya hoteli West Bay. Kuna vitanda alivyotandua na kutandika upya ilhali havikulaliwa na mtu. Zamani jambo hilo lilimchoma. Mwaka huu wa tatu alitandika tu.

Phoebe alilala kitanda cha juu yake. Alianza kukohoa Ramadhani. Idi kubwa ikapita bado anakohoa, sare imemlegea mwilini. Kitanda kikitikisika, Rael aligeukia ukutani.

Ijumaa moja asubuhi, akianua nguo, aliona leso ya Phoebe ina madoa ya damu.

"Tangu lini?"

"Usiseme, dadangu. Wakijua kazini watanirudisha nyumbani."

"Sitasema."

Hakusema kwa wiki mbili. Wala haikuwa huruma. Hakuwa tu na nguvu za kuanzisha jambo. Mpaka siku Phoebe aliposhindwa kupanda kitandani, Rael akamlaza kwenye chake, akampigia Hannah, muuguzi aliyesali naye kanisani Abu Hamour.

"Amekohoa kwa muda gani?"

"Kama miezi mitatu."

"Na nyinyi mnalala naye humo, hakuna dirisha?"

"Ndiyo."

"Mlete sasa hivi. Halafu mje wote mpimwe."

Kilikuwa kifua kikuu. Phoebe akalazwa. Kati ya saba waliobaki, wanne walikutwa na vijidudu vilivyolala mwilini, Rael akiwa mmoja wao. Hannah alimweleza kwamba hawezi kumwambukiza mtu, ila ameze dawa miezi kadhaa asije akaugua. Rael aliitikia kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Hospitali ikatoa taarifa, wakaguzi wa manispaa wakaja, mbao zikang'olewa. Mwanga ulipoingia, ilionekana kuta ni za kijani na zimeota ukungu hadi darini. Wakapewa siku tatu wahame.

"Haya, mdomo wako umetutoa nje," alisema Miriam, aliyekuwa akila naye sahani moja.

Rael alifunga zipu ya sanduku.

Alipata kitanda jengo la tatu kutoka pale. Mbao mpya, bado zinanuka gundi.

"Dirisha liko wapi?" alimwuliza msimamizi.

"Dirisha la nini? AC si hiyo?"

Akatandika shuka lake.

Baada ya mwezi, Phoebe alimpigia simu kutoka hospitalini. "Rael! Nimeongeza kilo tatu. Daktari anasema napona kabisa. Ungenyamaza ningekufa, wajua?"

"Mungu ni mwema," Rael alisema, akangoja furaha imjie. Alingoja simu sikioni, Phoebe akiendelea kucheka, hadi basi la hoteli likapiga honi chini.