Kanda ya Bi Lucinda

Usiniletee habari za njaa. Kila nikikisimulia kisa hiki hakosekani mjuaji wa kusema, "Ulikuwa umefunga, jua la Doha likakupanda kichwani, ukaona mazigazi." Haya, nilikuwa nimefunga. Lakini Barasa hakuwa amefunga. Barasa alikuwa Mkristo wa Kakamega, mchana ule alikula wali na kuku akiwa amejificha stoo, na yeye ndiye aliyepoteza sauti. Njaa yangu mimi inachukuaje sauti ya mtu mwingine? Nijibu.

Ilikuwa miaka ile mji mpya wa Lusail bado ni mchanga na winchi, na Ramadhani ikiangukia katikati ya joto. Tulifanya kazi katika kampuni ndogo mtaa wa Najma, kazi ya kuhamishia sauti za zamani kwenye kompyuta zisipotee. Mimi nilikaa kwenye mashine ya kurekodi. Barasa alikuwa mtu wa oveni. Usicheke. Kanda za zamani, zile za gurudumu kubwa, zikizeeka hunata, na ukizicheza zikiwa vile zinachubuka. Basi huokwa kwa joto dogo kutwa nzima, zikauke, ndipo zichezeke. Ila si zote. Kuna kanda za kale zaidi ambazo ukizitia ndani ya oveni umeziua. Kuzitambua ni kazi ndogo: unainua kanda mbele ya taa, ukiona inapitisha mwanga, usiioke. Basi, hakuna elimu zaidi ya hapo.

Mwaka huo tajiri mmoja wa hapo Doha alijitolea kulipia kanda za chuo cha Wamarekani weusi, huko kusini mwa nchi yao. Chuo chenyewe kilianzishwa na watu waliotoka utumwani, enzi ambazo vyuo vya Wazungu havikuwataka ila kwa kufagia. Masanduku yakaletwa kwa ndege. Mtunza kumbukumbu wao, mama mmoja mtu mzima, alikuwa akitupigia simu mwenyewe kuulizia kanda moja tu. Ndani yake mpishi wa zamani wa chuo, Bi Lucinda, alisimulia jinsi Wazungu walivyochoma bweni la kwanza na wanafunzi wakiwa ndani. Alipokuwa msichana alikuwepo, akajaribu kuwatoa. Mashahidi wengine wote walikuwa wameshakufa. Chuo kilijua kwamba watoto waliungua, lakini majina yao hayakuandikwa popote. Yalikuwa kwenye kanda ile, na hakuna aliyethubutu kuicheza kwa miaka mingi wakiogopa kuiharibu.

"Ishikeni kama yai," yule mama aliniambia.

Siku ya kuzioka kanda za chuo Barasa alikuwa na haraka. Alikuwa mwimbaji, tena si wa kubahatisha. Kwaya yao ya Wakenya ilikuwa na mazoezi jioni, na yeye ndiye aliyeongoza. Watu walitoka Al Wakrah kwenda kumsikia siku ya Ijumaa. Mama yake Kakamega alikuwa akimpigia simu kila wiki amwimbie wimbo mmoja kabla salio halijaisha, na Barasa aliimba hapo hapo kazini bila haya, sisi sote tukiacha kazi kusikiliza. Nilimwona anasukuma kanda kwenye oveni, nikamuuliza, "Barasa, hiyo umeiangalia kwenye taa?"

"Buda, hizi zote ni za box moja. Wacha presha."

Kesho yake akaitoa, nikasoma lebo: ni ile ya Bi Lucinda. Ilikuwa imejikunja na kukauka, ukiigusa inakatika. Sikuwahi kuona kitu kimeharibika vile. Barasa aliitazama, akafuta mikono kwenye suruali. Msimamizi wetu, Mmisri mmoja tuliyemwita mudir, akaja kuangalia.

"Imefika hivi?"

"Imefika hivi, mudir," Barasa akasema, jicho kavu.

"Khalas, yameisha. Rudisheni sandukuni."

Ikaisha hivyo. Mimi roho iliniuma, nakwambia kweli, lakini Barasa alikuwa ameshaanza kupiga mluzi.

Jioni hiyo wenzetu waliondoka mapema kwenda kufuturu. Tukabaki wawili, mimi na tende zangu na maziwa ya laban, nikisubiri adhana, Barasa akisafisha oveni. Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Mlango wetu haufunguki bila kadi. Sikusikia ukifunguka, nilisikia harufu ya moshi tu, nikageuka nikidhani ni oveni.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba. Mwanamke mweusi, mzee, gauni refu la kijivu na aproni, kitambaa cheupe kichwani. Mikono ya gauni ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko. Mimi ni mtu wa Malindi, jambo la kwanza nilimtazama miguu. Haikuwa kwato za jini. Ilikuwa miguu ya mtu, mitupu, imevimba visigino kama ya mtu aliyesimama jikoni maisha yake yote. Tena Ramadhani mashetani hufungwa, au sivyo tulivyofundishwa? Ndiyo maana nasema yule hakuwa shetani.

Alikuwa akizungumza. Midomo ilikwenda, shingo ikamsimama mishipa, alionekana kupiga kelele kabisa. Hakikutoka kitu. Akajishika koo, akatunyooshea mkono mwingine, kama anayedai chake.

Barasa alidhani ni mfanyakazi wa usafi, labda Msudani, amekuja kuomba futari. "Sasa huyu bubu ametokea wapi?" akasema. Yule mwanamke akazidi kusogea, midomo ikienda. Na Barasa, Mungu amsamehe, akaanza kumwigiza. Alifungua na kufunga mdomo kama samaki, akacheka. Kisha akamwimbia, kwa sauti ile nzuri, kiitikio cha kwaya yao, kumwonyesha mtu mwenye koo anavyofanya.

"Barasa, nyamaza!" nikamwambia. Ile aproni na mikono ya gauni iliyoungua ilikuwa imeshaniambia ni Bi Lucinda.

Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitisha hata leo. Akainua mkono, akamgusa koo taratibu, kama mama anavyompima mtoto homa. Wimbo ukakatika. Barasa akabaki mdomo wazi.

Halafu yule mwanamke akakohoa. Akakohoa kwa sauti ya Barasa.

Niamini. Alisema kwa Kiingereza, jina lake kwanza, kisha akaanza habari ya moto, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Barasa, na lafudhi yake ya Kakamega. Mkono wangu ulikuwa juu ya mashine. Kwa mazoea tu ya kazi, nikabonyeza kurekodi. Alieleza nani alileta mafuta, nani aliufunga mlango kwa nje. Kisha akaanza kutaja watoto, mmoja mmoja, na kila mmoja alilala kitanda kipi na alilia vipi. Barasa alikuwa ameanguka magotini, anavuta aproni ya mwanamke, machozi yanamtoka, anaomba, na haisikiki hata pumzi. Mwanamke hakumtazama hata mara moja. Alipotaja jina la mwisho adhana ikaanza. Nikapepesa macho, hayupo. Zile tende sikuzila.

Hospitali walimpima Barasa koo, wakasema ni zima. Zima! Mtu bubu hatakiwi kazini, visa yake ikafutwa, akarudishwa nyumbani na begi moja.

Na kanda je? Nilimpelekea yule mtunza kumbukumbu wa chuo rekodi niliyoifanya, pamoja na ile kanda iliyojikunja. Nilidhani angalau majina yamepona. Akapiga simu, sauti inamtetemeka kwa hasira. Bi Lucinda alikuwa mwanamke, akasema, tena wa kwao. Huyu ni mwanamume, Mwafrika. "Mmeunguza kanda yetu, halafu mmemlipa mtu atutungie wafu?" Ningemweleza nini? Wakaifuta. Watoto wale wakaungua mara ya pili, na mara hii ni mimi niliyepeleka majina yao.

Nakala ikabaki kwangu. Mwaka uliofuata mama yake Barasa akanipigia. Alisema mwanawe ameketi tu kibarazani, haandiki, hataki kutazamwa. Akauliza kama huko Arabuni hakuna hata kipande kimoja cha sauti yake kilichobaki. Kwaya haikuwahi kumrekodi. Nilikataa. Akapiga tena, analia, mpaka nikashindwa, nikamtumia.

Mama hajui Kiingereza. Anaicheza kila jioni, na majirani huja kusikiliza. "Mwanangu anaongea vizuri, kama mwalimu," aliniambia, anacheka kwa furaha. "Ila ile sehemu ya mwisho inaniumiza, anaponiita."

"Anakuita wapi, mama?"

"Mwisho kabisa, baada ya yale majina. Ananiita kwa lugha yetu. Ananiambia mlango umefungwa kwa nje, na kuna joto. Barasa akisikia hapo huinuka, akaenda kuushika mlango."

Nimeisikiliza nakala yangu mara nyingi. Baada ya jina la mwisho kuna adhana tu.

Kwa hiyo wewe unayekaa karibu na sauti za waliokufa, ziwe za chuo, za kanisa, au za bibi yako kwenye kaseti chini ya kitanda, zishike kama yai. Inua kanda kwenye taa. Na akikujia mtu midomo inaenda na husikii kitu, usicheke, na kwa jina la Mungu, usimwimbie.