Binti wa Kidodi na Pamba ya Marekani

Juzi nilikuwa ofisi ya walimu ya sekondari moja huku Kidodi, nikisubiri barua ya uhamisho ya mwanangu, akaingia mkulima wa miwa mwenye tope kwenye viatu. Alimwendea moja kwa moja mwalimu wa Historia.

"Mwalimu, binti yangu kutwa ni Marekani ya zamani. Itamsaidia nini? Namtoa kwenye somo lako."

Mwalimu hakubishana. Alimwita binti, akamwambia, "Mfundishe baba somo la jana, kwa Kiswahili."

Binti alimwamkia baba yake, akasimama wima, mikono nyuma. Akaeleza jinsi watumwa weusi walivyolimishwa pamba kusini mwa Marekani, miaka karibu mia mbili iliyopita, na jinsi mama alivyoweza kuuzwa mbali na mwanawe. "Na sehemu nyingi sheria ilikataza wasifundishwe kusoma. Wengine walijifunza kwa siri, wakijua wakikamatwa watachapwa."

Baba alivua kofia. "Wachapwe kwa sababu ya kusoma?"

"Ndiyo, baba."

Akamgeukia mwalimu. "Basi aendelee. Ila jioni anifundishe na mimi. Sijui kusoma."

Alilisema hilo mbele yetu sote, kidevu juu. Mlangoni akanigeukia mimi, mtu asiyemjua. "Umemsikia? Yule ni wangu."

Nilimsikia. Mimi Historia niliifaulu kwa kukariri, na sikumbuki kama iliwahi kunipa ujasiri wa kukiri hadharani jambo nisilolijua.