Nani Atamtambulisha Kaka

Je, mtu aliyemwombea kaka yangu ashindwe ana haki gani ya kumtambulisha siku anapoheshimiwa? Swali hilo liliniweka macho wiki nzima. Nilimtetea baba mdogo, nikamlaani, nikamtetea tena, hadi nikajichukia mwenyewe.

Kaka alianza besiboli shuleni hapa Lanham, Marekani. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayokuja kwa kasi ya kuvunja vidole. Vyake vilivunjika. Baadaye alilipwa kucheza ligi ndogo, akizungushwa kwa basi katika miji nisiyoijua, mpaka bega likamwangusha. Ligi kuu hakuifikia. Sasa anapanga mizigo kwenye ghala moja Landover, na jioni anafundisha watoto kudaka. Ndipo ukumbi wa heshima wa michezo wa hapa kwetu ukaamua kutundika picha yake ukutani. Kila anayeheshimiwa humchagua mtu mmoja wa kumtambulisha jukwaani. Alinichagua mimi.

Lakini kwetu hakuna jambo linalokwenda bila kamati. Harusi ina kamati, msiba una kamati, na sasa picha ya ukutani nayo ikapata kamati, ikaketi sebuleni kwa shangazi, chai ikapitishwa. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, kama ilivyo tangu baba alipofariki. Akatangaza kwamba atakayezungumza ni yeye, maana mzee wa familia hawezi kukaa akimsikiliza msichana. Nikasema kaka ameshachagua. Wanakamati wakaongezeana chai.

"Wewe ulihitimu mwaka jana na hata kazi hujapata," akaniambia akitabasamu. "Utawaambia nini watu wale? Utatetemeka tu, mama."

Wakacheka. Nilitetemeka kweli, pale pale, chai ikanimwagikia gotini.

Kisha akatusomea hotuba yake. Eti familia ilikiona kipaji mapema ikakilea kwa maombi.

Maombi gani? Mechi nyingi za kaka enzi hizo zilikuwa Jumapili. Alivaa suruali ya mchezo ndani ya suruali ya suti ili atoke ibadani moja kwa moja hadi uwanjani. Siku moja baba mdogo, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliona soksi nyekundu ikichungulia. Akamsimamisha mbele ya waumini, akaomba kanisa limwombee kijana anayemkimbia Mungu ili akapige mpira kwa mwiko, ndivyo alivyoliita gongo la besiboli. Akamsihi Mungu aufunge mlango huo. Watu wakaitikia amina. Mama naye aliitikia, kwa sauti ya chini, halafu akampeleka kaka uwanjani akiwa amevaa sare yake ya kazi ya kutunza wazee, akasinzia garini mechi ikiendelea.

Nilimpigia kaka simu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nimwache mzee aongee, yeye amechoka na ugomvi. Nikaanza kuhesabu hasara: nikikataa, mama atanuniwa kanisani, nikikubali, uongo utapigiwa makofi. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha kaka akauliza kama hotuba ile inataja maombi.

Nikasema inataja.

Akakata simu bila kurudia kwamba nimwache mzee aongee.

Siku yenyewe ilipofika, mshereheshaji akauliza nani anamtambulisha mchezaji wetu. Baba mdogo alikuwa ameshasimama, anafunga vifungo vya koti. Nikainuka, nikamziba njia katikati ya viti.

"Kaa, baba mdogo," nikamwambia. "Alinichagua mimi."

Akanishika kiwiko, akaninong'oneza kwamba ninamwaibisha mbele ya wageni. Meza yetu yote ilisikia. Mama akainamisha kichwa. Sikujua kama ni aibu au sala, na kwa mara ya kwanza sikukaa kutafakari. Niliubandua mkono wa baba mdogo kiwikoni mwangu, nikapanda jukwaani, nikamtambulisha kaka yangu.