Bisibisi Namba Themanini na Nane

Saa kumi na mbili asubuhi, ndege za mafunzo bado zimefunikwa maturubai, na Mama Stoo yuko mbele ya ubao wake akipapasa vifaa kimoja kimoja. Spana, koleo, nyundo, bisibisi: vyote mia nne na kumi na viwili, kila kimoja kikining'inia juu ya umbo lake lililochorwa kwa rangi nyekundu. Kikikosekana kimoja, wekundu unaonekana tangu mlangoni, na hakuna ndege inayoruka.

Yeye si mwanajeshi. Ni raia, mtunza stoo wa kikosi cha mafunzo ya urubani tangu kilipoanzishwa miaka thelathini na moja iliyopita. Historia ya wakubwa iko kwenye picha za koridoni. Ile isiyo na picha anayo yeye: ndege sita kuukuu, wanafunzi kumi na tisa kwenye darasa la mabati, na kamanda wa kwanza aliyekuwa akitapika kila akishuka.

"Alidhani hatumwoni," anasema, akicheka mpaka machozi.

Kicheko kinakatika akifika kwenye ajali. Miaka mitano iliyopita ndege moja ilianguka, wakafa mwalimu na mwanafunzi wake. Chanzo hakikujulikana, na kikosi kikafungwa miaka minne. Mama Stoo aliachwa pamoja na walinzi wawili kutunza majengo, na wazo moja likamkosesha raha.

"Siku ile ubao ulikuwa umejaa. Lakini niliangalia kwa macho tu. Kama kimoja kilikuwa kimebadilishwa, ningejuaje?"

Basi akachukua tupa, akachonga alama ndogo ya kusomwa kwa kidole chini ya mpini wa kila kifaa. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Mwaka jana kikosi kikafunguliwa tena. Siku ya kuruka, wageni walikuwa wameshajaa mahemani, bendi imejipanga, kinachosubiriwa ni sahihi yake tu, kwamba vifaa vimetimia. Ubao ulikuwa umejaa. Akapapasa mpaka bisibisi namba themanini na nane. Mpini wa njano, namba imeandikwa vizuri kabisa, lakini kwa chini ni laini. Haikuwa yake.

Akagoma kusaini. Kamanda wa sasa akaja mbio, jasho linamtiririka, akamuuliza kama anataka kuwaaibisha mbele ya watu wakati vifaa vyote anaviona pale. "Aibu hiyo nitaibeba mimi," Mama Stoo akamjibu. Kisha akawaendea mafundi, bisibisi mkononi.

"Sitaki kujua ni nani," akawaambia. "Nataka kujua ni ndege gani."

Wakatazamana. Halafu fundi wanayemwita Mpole, baba wa watoto watatu, akainua mkono.

"Namba nne, mama."

Bisibisi yenyewe ilikuwa imemponyoka jana yake akifunga kiti cha ndege hiyo. Aliitafuta, akaikosa, na hofu ya kufukuzwa kazi ikamtuma akanunue nyingine na kuiandika namba.

Sakafu ya namba nne ikafunguliwa. Baada ya saa mbili wakaikuta bisibisi imejibana kando ya waya unaogeuza mkia wa ndege. Aliyekuwa airushe peke yake ni mwanafunzi, msichana wa miaka ishirini na mmoja, na mama yake alikuwa kwenye hema la mbele, akijipepea kwa karatasi ya ratiba.

Mama Stoo akaketi juu ya tairi, akalia mbele ya wanaume wote wale bila haya. Ile ajali ya zamani bado hajui ilitokana na nini, na huenda asijue kamwe. Lakini siku hiyo, anasema, alipumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kamanda alimletea kiti. Alasiri ndege zote zilipaa, na zote zikarudi.

Mwezi ujao anastaafu. Ameambiwa achague wa kumwachia stoo, naye amemtaja Mpole, aliyerudishwa baada ya kusimamishwa kazi miezi mitatu. Wenzake walidhani anatania.

"Nyie mnajua kanuni," aliwaambia. "Yule anajua usiku unavyokuwa mrefu kitu chako kikiwa ndani ya ndege ya mtoto wa mwenzio. Mpeni funguo."