Kwaya Iliyogawanyika kwa Haleluya

Nekoye alikuwa na miaka kumi na sita, sauti kubwa, na mdomo usio na breki. Baba yake alimleta Ruiru kutoka Bungoma alipopata kazi kwenye shamba la kahawa, na mwaka wa 1958 msichana huyo aliimba katika kwaya ya vijana ya kanisa la pale shambani. Ilikuwa enzi ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Serikali iliogopa hata watu wachache wakisimama pamoja, lakini kwaya iliruhusiwa. Labda anayeimba hana nafasi ya kupanga njama.

Wiki moja kabla ya mashindano ya Thika, Wangeci, msichana Mkikuyu aliyekuwa akiongoza wimbo, alitamka "Hareruya", kwa lafudhi ya kwao. Nekoye akaangua kicheko, akamwigiza tena na tena, kwa ufundi mkubwa. Wangeci akamjibu kwamba yeye huimba kama anayeita ng'ombe. Mazoezi yakaishia hapo. Wakikuyu wakahamia upande mmoja wa kanisa, waliotoka magharibi kama Nekoye upande wa pili, wakaanza kununiana kikristo.

Wazee wa kanisa, kwa ile busara yao, wakaamua kuwapatanisha. Mzee Bedan na Mzee Nicanor waliwaweka vijana nje, wakaingia ofisini kukubaliana nani afungue kikao kwa sala. Kila mmoja alijiona mnyenyekevu kuliko mwenzake, hivyo yeye ndiye aliyestahili. Walizozana mpaka jua likaelekea kuzama, wakaondoka bila kuagana. Vijana wakasahauliwa palepale nje.

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, kila neno lilisikika. Nekoye alicheka, kisha akaona haya: ugomvi ule ulifanana mno na wake. Akasimama mbele ya wote.

"Nilikucheka mbele ya watu," akamwambia Wangeci. "Basi naomba msamaha mbele ya watu."

Wangeci hakumkumbatia. Alisema kicheko kile kilimuuma, kwani hata shuleni walimcheka hivyo. Akakiri kwamba lile la ng'ombe lilikuwa hasira tu. "Lakini unapaza sauti mno. Ukiimba, sisi wengine hatusikiki."

Nekoye alikuwa na jibu tamu sana mdomoni. Akalimeza, akauliza afanye nini. Wakakubaliana Wangeci aongoze, na yeye asimame nyuma kabisa.

Thika walishika mkia. Jaji alisema waliimba vibaya, ila kwa umoja wa kupendeza.

Mwezi uliofuata wakagombana tena, safari hii kuhusu nyimbo za Krismasi. Nekoye hakungoja kikao. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa kina Wangeci, akapewa viazi amenye, wakabishana mpaka chakula kikaiva.